Neno Ambalo Mama Zawadi Hakulisema

Wakesho mwanangu,

Hali sikuulizi, maana nakusikia hapo juu ukiburuta sanduku huku na huku, na mama yako akikwambia kwa mara ya nne kwamba California hakuna theluji, sasa lile koti nene la nini. Mambo ya koti, mafuta ya kujipaka na nani atakupokea kesho ukishuka kwenye ndege nimemwachia yeye. Anayaweza. Mimi niko huku chini karibu na mashine ya kufulia. Nimewaambia natafuta gundi ya kufungia maboksi. Gundi ninayo mfukoni.

Nakuandikia kwa sababu nikikueleza kwa mdomo nitajitetea. Unanijua. Nitaanza kwa Kiswahili, wewe utanijibu kwa Kiingereza, nami nitahamia Kiingereza ili nikushinde, na baada ya nusu saa tutakuwa tunabishana juu ya jambo lingine kabisa, na wewe ndiye utakayeomba msamaha. Nimekufanyia hivyo mara nyingi, na kila mara niliondoka nikijiona mwalimu hodari. Karatasi hainipi nafasi hiyo.

Basi nalisema sasa hivi, ili hata ukiacha kusoma hapa uwe umelipata. Ile hadithi uliyoisimulia kanisani Jumapili iliyopita walipokuombea safari, ya baba yako aliyepata dawa kutoka kwa bakteria wa baharini halafu mtu wa usafi akaitupa, ni uongo. Wewe hukudanganya. Ulisema ulichoambiwa na mimi. Ile dawa niliipoteza mwenyewe kwa mikono hii, nikamsingizia mtu. Na mtu huyo alikuwa ameketi safu ya tatu akikusikiliza. Ni Mama Zawadi.

Pumzika kidogo ukitaka. Mimi pia nimeinuka nikakunja mashati mawili matatu kabla ya kuendelea.

Nianzie mbali kidogo, nianzie kwenye hilo jina la Daktari. Unajua kwamba Voi nilikuwa mwalimu wa kemia, na kwamba tulipofika hapa miaka mitatu ya kwanza nilifanya kazi ya kuwageuza wazee vitandani, hapa hapa Coon Rapids, nje kidogo ya Minneapolis. Ilikuwa kazi ya heshima kuliko nyingi nilizofanya baadaye, lakini wakati ule niliionea haya. Nilipopata kazi ya ufundi wa maabara chuo kikuu, mtu mmoja kanisani akasema, jamani, ndugu yetu sasa anatafuta dawa. Jumapili iliyofuata nikawa Daktari. Ningeweza kusema hapana, mimi ni fundi tu, naosha, napima, naandika. Badala yake nilivikwa kilemba cha ukoka nikakifunga vizuri kisianguke. Watu walikuwa wakiniletea chupa za dawa zao za presha wakaniuliza kama wameze kabla ya chakula au baada, nami nikawajibu. Mungu ni mwema hakuna aliyekufa.

Kazi yenyewe niliipenda, hilo si uongo. Nitakukumbusha ilivyokuwa, ingawa kesho kutwa utakuwa unaijua kunishinda. Tope la kutoka chini kabisa ya bahari lilitufikia ndani ya masanduku ya barafu, hapa Minneapolis, mji usio na bahari hata ya kusingizia. Ndani ya tope lile mna bakteria wanaogombania nafasi, na silaha zao ni kemikali wanazozitengeneza wenyewe. Profesa, mwenye maabara ile, alikuwa akisema wale wa udongo wa nchi kavu wamechunguzwa mpaka basi, kila ukipata kitu unakuta mwenzako alishakipata zamani, ndiyo maana tunahangaika na wa baharini. Ukipata kemikali inayoua kijidudu kinachosumbua hospitali, na haimo katika kumbukumbu za mtu yeyote, hapo una kitu mkononi. Si dawa bado. Ni mwanzo wa safari ndefu ya kwenda kwenye dawa.

Tuliwapandisha kwenye visahani vyenye uji ulioganda, uliokorogwa kwa maji ya bahari yenyewe, maana ukiwapa ya bomba wanasusa. Halafu unangoja. Wiki ya kwanza wanajitokeza wale wa haraka haraka, wanajaza kisahani kwa ute. Hao unawapita. Wiki ya tano, ya sita, ndipo kinajitokeza kidoa cha rangi ya machungwa, kigumu kama chembe ya mkate mkavu. Huyo ndiye unayemtaka. Nilikuwa mtu asiyeweza kungojea hata chai ipoe, lakini mbele ya visahani vile nilijifunza subira. Angalau nilidhani nimejifunza.

Yule bakteria wa namba arobaini na saba unamkumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na minne, shule zimefungwa, nikakuchukua kazini. Tulikuwa tumemweka yule bakteria wetu katikati ya kisahani kilichojaa kijidudu cha vidonda, kile sugu kilichokuwa kimeshashinda dawa nyingi. Asubuhi tukakuta duara safi limemzunguka, hakuna kinachoota ndani yake. Ulikishika kisahani ukakiinua dirishani, ukasema wanamuogopa. Nilikuwa na fahari siku ile mpaka nikasahau kula. Nimejiuliza mara nyingi fahari ile ilikuwa ya nini, ya kisahani au ya wewe kuniona nikiwa mtu.

Siku chache baadaye Profesa akapima uzito wa ile kemikali kwa mashine yake, akailinganisha na zinazojulikana, haikuonekana. Yule mzee hacheki, lakini alitoka akanunua donati. Akatuonya tusishangilie, kwamba mara nyingi kipya ni cha zamani kilichobadilisha nguo. Akaniambia jambo moja tu, na ilikuwa Ijumaa: kabla ya chochote, weka akiba. Maana yake unamchukua bakteria angali yule yule wa mwanzo, unamtia kwenye vijichupa vidogo na dawa ya kumlinda na baridi, unamfungia kwenye friza kali. Lolote litakalotokea baadaye, unarudi kwenye akiba. Ni kazi ya dakika arobaini.

Nilifungua daftari la maabara nikaandika kwanza: vijichupa kumi, friza, rafu ya pili, kikasha cha bluu. Niliandika kabla ya kutenda, ndivyo nilivyokuwa nikifanya hata Voi, najaza kitabu cha kazi kabla ya kuingia darasani. Kisha nikatazama saa. Saa kumi na mbili jioni kulikuwa na ushirika kanisani, na nilitaka kufika habari ikiwa moto. Nikavua koti jeupe nikaondoka. Nikasimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda, na chumvi nikatia. Kina mama wakapiga vigelegele. Jumatatu nikakuta kazi nyingine mezani. Jumanne vilevile. Na kitu kikishaandikwa, mama, kinaanza kufanana na kilichofanyika. Wiki ya pili nilikuwa nikipita mbele ya ile friza bila hata moyo kunidunda.

Sikiliza sasa nilivyomharibu, maana hili ni la kazi yako na sitaki ulirudie. Ili aendelee kuishi, ilibidi nimhamishe kutoka kisahani hadi kisahani kila baada ya wiki kadhaa. Kila mara nachagua kidoa kimoja cha kuendeleza. Sasa mimi ni mtoto wa mkulima. Bibi yako, uliyepewa jina lake, alinifundisha kuchagua mbegu nikiwa sijaota meno ya juu: unatafuta hindi nono, punje zimejaa, unalifunga juu ya moto. Nikafanya hivyo hivyo. Kila mara nilichagua kidoa kilichonenepa, kilichokua upesi, nikajisifu kwamba naboresha. Lakini bakteria anayetengeneza silaha anatumia nguvu nyingi, kwa hiyo anakua polepole, amekonda. Aliyenenepa ni yule aliyeacha kutengeneza. Nilikuwa nikiwachagua wavivu, kizazi baada ya kizazi, kwa jicho la mkulima hodari. Duara likapungua. Likawa kama shilingi, likawa kama punje ya mtama, na mwezi wa tano halikuwepo kabisa.

Nilijua kabla ya mtu yeyote. Nikasema labda chumvi tuliyoletewa ni mbaya. Nikasema labda joto. Profesa akanivumilia, halafu asubuhi moja akasema bila wasiwasi wowote, si neno, toa akiba tuanze upya.

Nitakueleza Mama Zawadi alikuwa nani kwetu, maana ulikuwa mtoto na huenda unakumbuka sombe yake tu, kile kisamvu cha kwao. Alikuja kutoka Uvira, Kongo, kwa njia ya kambi ya wakimbizi, yeye na Zawadi wake mdogo, wakapewa nyumba kwenye yale maghorofa ya Cedar-Riverside. Tulikutana kanisani. Mimi ndiye niliyemwombea ile kazi ya kuosha vyombo vya maabara, maana kutoka kwake angeweza kwenda kwa miguu. Kila Jumamosi alikuja hapa nyumbani kukusuka nywele, na nyinyi wawili mlikuwa mkicheka mpaka mama yako anagonga ukuta. Kiingereza chake kilikuwa maneno machache. Kazini mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, hospitali mimi, kwa walimu wa Zawadi mimi. Aliniita ndugu yangu. Hakuwa akisema tu, alimaanisha. Aliposafisha alisafisha kama mtu anayejua ni nini kilichomo ndani ya kila chupa, na mimi nilimjua hivyo.

Siku ile Profesa aliposema toa akiba, nikaenda kwenye friza nikafungua mlango, nikasimama pale nikitafuta kitu nilichojua hakipo. Nilitafuta kwa bidii, mwanangu. Nilitoa rafu zote. Kisha nikageuka nikasema, labda ni wakati ule friza iliposafishwa. Wiki mbili nyuma Mama Zawadi alikuwa amepangusa ukungu wa barafu mlangoni, mimi ndiye niliyemwagiza. Sikumtaja. Nilisema labda, basi. Neno dogo kama hilo.

Profesa si mtu mbaya. Alisema tusimhukumu mtu, tumwite tumuulize. Tukasimama watu watatu mbele ya friza inayonguruma. Akamuuliza kama aliwahi kuhamisha au kutupa kikasha chochote cha rafu ya pili, na swali hilo nililifasiri sawasawa. Mama Zawadi akajibu. Akajibu kwa kirefu, akimtazama Profesa kwanza, halafu akanitazama mimi, mkono ameuweka kifuani. Alipomaliza akaningoja nifasiri. Nami nikamgeukia Profesa nikasema kwa Kiingereza safi: anasema samahani, hakumbuki.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Kupoteza bakteria ni makosa ya kazi, kila maabara inayo, Profesa angenikemea na angenisamehe. Kuandika kisichofanyika ni aibu, lakini ningeweza kukiri nikakunja mkia. Lakini mtu aliweka mdomo wake mkononi mwangu, na mimi nikautumia kumtia hatiani.

Niliona kichwa chake kikicheza kidogo. Nikajifanya sijaona. Miaka mingi nilijiambia hakuelewa, Kiingereza kilikuwa kigeni kwake. Wiki ile ile akaambiwa asirudi tena, na aliyepewa kazi ya kumwambia ni mimi. Nikampeleka nyumbani kwa gari langu, hebu fikiria, nikambebea na mfuko. Tulipofika chini ya ghorofa lake hakushuka mara moja. Akaniuliza, "Papa Wakesho, ulimwambia yote nilisema?"

Nikamjibu, "Yote."

Hilo la pili linaniunguza kuliko la kwanza. Mbele ya friza nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutokwa na maneno asiyoyapanga. Ndani ya gari sikuwa na hofu. Nilikuwa nimekaa, nimetulia, sitishwi na mtu, na aliniuliza kwa upole. Nilichagua.

Jumamosi hakuja. Ukauliza, nikasema amepata kazi nyingine. Na jioni nyingine tukiwa mezani, ulipouliza habari za arobaini na saba, nikakwambia mtu wa usafi aliitupa. Sikutaja jina, wala wewe hukumfikiria yeye, nikajiona muungwana kwa hilo. Uliipiga meza kwa ngumi, uma ukaanguka. Ukasema ukikua utaitafuta tena mpaka uipate. Mama yako akasema mtoto huyu ana moyo. Mimi nikainama kuokota uma, na nilikaa chini ya meza muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Sasa unaona nilivyokaa nayo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekwenda miaka minane, na kila mwaka wewe uliirefusha bila kujua. Kila maonyesho ya sayansi shuleni, kila kiangazi ulichojitolea kwenye maabara za watu, watu wakikuuliza kwa nini bakteria, unawaeleza habari ya baba yako na mtu wa usafi. Ulipoandika barua ya kuombea nafasi ya chuo huko California uliniletea niisome. Ilikuwa imo, aya ya kwanza kabisa, kwamba uzembe wa mtu mmoja asiyejua thamani ya alichokishika uliinyima dunia dawa. Niliisoma mara mbili, Wakesho. Nilirekebisha koma tatu nikakurudishia.

Na Profesa naye. Kwa miaka miwili, kabla sijahamia kazi ya kupima maji, nilimwona akifungua friza zote za ghorofa lile, moja baada ya moja, na za majirani, akitafuta kikasha cha bluu. Aliwaweka wanafunzi kukitafuta. Aliandika kuomba tope jingine la mahali pale pale, akaambiwa meli haiendi tena huko. Mzee wa watu alikuwa akitafuta kikasha ambacho hakijawahi kuwepo duniani, na mimi nikimshikia tochi.

Mama Zawadi hakuacha kanisa. Hilo ndilo nililoshindwa kulielewa. Alikuwa akinisalimia, Papa Wakesho habari, nami namjibu nzuri huku nikitazama viatu. Alifanya kazi ya kutandika vitanda hotelini, akajifunza Kiingereza kwenye darasa la asubuhi, akahamia Apple Valley, ng'ambo ya mto. Nilikuwa nakwepa mlango anaotokea. Watu walidhani Daktari ana maringo.

Halafu ikafika Jumapili. Mchungaji akakupa kipaza sauti. Niliposikia umeanza na kisahani nilijua unakoelekea, na sikuinuka. Ulisema kwa Kiingereza, kizuri sana, na ulipofika kwa mtu wa usafi watu wakaguna. Nilimtazama Mama Zawadi. Alikuwa ameweka mikono mapajani, anakutazama wewe tu. Ibada ilipokwisha ndiye wa kwanza kukukumbatia, akakupa kile kitenge cha njano ulichokikunja juu ya sanduku. Nawe ukamwambia, asante, Mama Zawadi, nilikukosa sana nyumbani siku za Jumamosi. Kwa Kiswahili ulimwambia, wewe usiyekisema hata nikikuomba. Nikatoka nikakaa garini.

Jumanne nilikwenda kwake Apple Valley. Nilivuka mto nikarudi, nikavuka tena. Alinifungulia akiwa amevaa sare, siku hizi anawahudumia wagonjwa majumbani na jioni anasoma. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alinisikiliza, halafu akasema, "Nilijua siku ile ile. Sorry lilikuwa neno la kwanza walitufundisha kambini. Nikajua sikulisema."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, kwa nini hakunikanusha mbele ya Profesa. Akasema angenikanusha kwa lugha gani, na kwa mdomo wa nani. Na ndani ya gari, nikamuuliza, kwa nini aliuliza kama alikuwa anajua tayari. Akasema alitaka kunipa nafasi.

Nililia, mwanangu. Si machozi ya heshima. Hakunibembeleza, alinipa tishu akaenda kuzima jiko. Aliporudi nikamwomba msamaha, akakataa kuupokea. Aliniambia, "Mtoto anajua?" Nikasema bado. "Basi usianzie kwangu. Yeye ndiye anatembea na jina langu kwa watu. Anzia kwake. Na umwandikie vile nilisema, yote, usikate." Akayarudia maneno yake ya siku ile polepole, nami nikiandika nyuma ya bahasha. Aliyakumbuka yote. Nami pia, ndilo jambo la ajabu. Kila alipotua, nilijua neno linalofuata.

Mama yako nilimwambia juzi. Tangu hapo ananisemesha yale ya lazima tu, chumvi iko wapi, umefunga mlango. Profesa nilimpigia simu jana. Akaomba anuani ya Mama Zawadi, si yangu. Jumatatu tunakwenda kwake Apple Valley, mimi na Profesa. Mama Zawadi amesema atazungumza mwenyewe. Mimi nitaketi.

Kuhusu ile aya ya kwanza ya barua yako, sikwambii ufanye nini. Nimeshafanya mengi na maneno ya watu. Ukiamua kuwaandikia walimu wako wapya, litaje jina langu kamili, usinifunike. Najua utajiuliza kama na wewe umejengwa juu ya uongo, na njia yako yote ni yangu iliyopinda. Sijui kukujibu. Najua tu kwamba nilikuona dirishani na kisahani kile, na duara lilikuwepo, na uliloliona lilikuwa kweli. Baada ya hapo ndipo nilipoingia mimi. Na tafadhali weka akiba siku ile ile, hata kama watu wanakungoja na vigelegele.

Kesho saa tano Mama Zawadi atapita hapa kukuaga. Barua hii nitaiweka juu ya kile kitenge ili uisome kabla hajafika. Amesema ana nafasi garini, kama utapenda akupeleke yeye uwanjani. Mimi ningependa sana nikupeleke, nimeshaosha gari. Lakini utachagua, na sitauliza kwa nini, na sitakununia. Nitasimama mlangoni nikupungie, kama utataka nisimame.

Haya ndiyo maneno yake, mbele ya friza, kwa Kiswahili cha kwao, ambako friza ni frigo na mkubwa wa kazi ni patron. Sikuongeza wala sikupunguza.

"Patron, miye ile frigo sijafungua hata siku moja. Nilipangusa inje na mlango, vile Papa Wakesho alinionesha. Kule kwetu nilikuwa infirmière, muuguzi, miaka kumi na moja. Nilichunga chanjo za watoto ndani ya frigo ya mafuta ya taa. Vita ilipokuja tulikimbia, na nilibeba zile chanjo mbele ya kubeba sahani zangu. Hakuna hata moja iliharibika mu mikono yangu. Kitu cha baridi nakijua. Kama kikartoni kimepotea, tukitafute, nitabaki hapa mpaka tukione. Na kama hauniamini miye, uliza huyu ndugu yangu. Yeye ananijua vile ninafanya kazi. Yeye hawezi kusema uongo juu yangu."

Ni hayo tu, mama. Yasome mara mbili. Neno samahani halimo. Lilikuwa langu, na nililiweka kinywani mwake.

Babako